Msimu Baba Hakuwepo Uwanjani

Hospitali ya Kifua, Scarth Bay
17 Agosti 1955

Mwanangu Enid,

Nimefika salama, na kifua nacho kimefika, hatukuachana njiani. Wametuweka wawili wawili. Kila chumba kimeachwa bila ukuta upande wa baharini, kwa hiyo tunalala na upepo. Daktari anasema baridi hiyo pamoja na sindano ndiyo tiba, na kwamba nitakaa miezi tisa. Nikamwuliza kama anajua miezi tisa ni nini. Akasema ni robo tatu ya mwaka. Nikamwambia hapana, daktari, ni msimu mzima wa ligi.

Tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa sijakosa mechi ya nyumbani ya Albion, isipokuwa ile ya Jumamosi tuliyomzika mama yako. Sasa nina ombi, na sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Nenda ukasimame mahali pangu. Unapajua: upande wa kiwanda cha gesi, chuma cha tatu cha kuegemea kutoka chini, mkono wa kulia wa Ned Lumb, yule muuza makaa. Mahali pale pakikaa wazi mechi mbili tatu, mtu atapachukua, na akishapachukua hatoki mpaka azikwe.

Kisha niandikie. Redio ya hapa inatupa matokeo tu, saa kumi na moja jioni, inayasoma kama majina ya darasani. Gazeti sitaki. Yule mwandishi wetu wa Ravensby hajui mpira, anajua maneno. Nataka macho yako. Wewe unayeona uzi mmoja uliokatika kwenye yadi sitini za kitambaa, mpira utakushinda nini?

Najua huupendi. Hata kabeji hukuipenda, na ulikula ukakua.

Mwenzangu chumbani ni mtu wa Hexmouth, anaitwa Amos Tranter, kazi yake kupasua samaki bandarini. Ni mshabiki wa Hexmouth wa kufa na kuzikwa. Nimeomba nihamishwe. Wamekataa.

Baba yako,
Clifford Haigh


Mtaa wa Tanner, Ravensby
28 Agosti 1955

Baba mpendwa,

Nyumba ipo, paka yupo, na mimi ni mzima. Usivue ile fulana ya sufu hata wakikuambia kuna jua.

Jana Albion tuliwafunga watu wa Birmingham mabao mawili kwa moja. Ilikuwa mechi ya kusisimua iliyojaa ufundi na ujasiri. Dakika ya thelathini na moja Tordoff alipaa angani kama samaki apandaye maporomoko na kuutumbukiza mpira wavuni kwa kichwa. Wageni walisawazisha, lakini ari ya vijana wetu haikuzimika, na bao la ushindi likauinua umati kama wimbi.

Mzee Ned Lumb alikuwapo. Anakusalimu sana.

Mwanao,
Enid


Scarth Bay
12 Septemba 1955

Mwanangu,

Barua zako mbili nimezipata. Ya kwanza nilimsomea Amos kwa majivuno, nikamwambia, "Unaona? Binti yangu huyo."

Jumatano shangazi yako Bertha alikuja kunitazama. Aliniletea pai la nyama, na pai limefungwa kwenye gazeti. Nikala pai. Halafu, kwa kuwa mtu wa kulazwa husoma chochote kinachopita mbele yake, nikalinyoosha lile gazeti lenye mafuta. Nikamkuta Tordoff anapaa angani kama samaki apandaye maporomoko.

Amos alicheka mpaka Sista Beswick akaja mbio akidhani ni damu.

Na jambo jingine. Ned Lumb hajamsalimu mtu tangu vita vya kwanza. Miaka thelathini na mitano nimesimama karibu naye, hajawahi kuniuliza hali. Ukitaka kudanganya, mwanangu, usimtie Ned salamu mdomoni.

Sijakasirika. Niliudhika siku moja, basi. Amos ndiye aliyenituliza. Alisema, "Asiyekupenda angekuambia hana nafasi. Huyu kakaa chini akanakili gazeti zima kwa mkono." Ni mara ya kwanza mtu wa Hexmouth kusema neno la maana.

Kama hutaki kwenda, usiende. Niandikie habari za kiwandani, au za paka. Lakini niandikie za kwako.

Baba


Mtaa wa Tanner
18 Septemba 1955

Baba mpendwa,

Nilipofika kwenye lile pai masikio yaliniwaka moto. Nisamehe. Mechi ya kwanza nilifika mpaka langoni. Nikaona wanaume kwa maelfu, wote wa kofia moja, wote wanasukumana, nikageuka nikaenda kununua viazi. Ya pili sikutoka nyumbani kabisa.

Jana nilikwenda.

Mahali pako palikuwa wazi. Mzee Ned alikuwa ameweka begi lake la chakula pale, na kila aliyesogea alimtazama mpaka akaondoka. Nilipofika akanitazama na mimi.

"Hapa ni pa Cliff," akasema.

"Najua. Mimi ni wa Cliff."

Akaliondoa begi. "Mpira unaujua?"

"Siujui."

"Basi nyamaza, utaujua."

Nikanyamaza kipindi kizima. Sasa nikueleze nilichokiona, na ukicheka, cheka polepole, kifua kisije kikaumia. Watu wote wanamtazama Tordoff. Mimi nilichoka kumtazama. Kazini tumefundishwa kwamba ua la kitambaa linajionyesha lenyewe. Ukitaka kujua kama kitambaa kitadumu, tazama uzi wa chini yake. Basi nikawa natazama chini ya Tordoff. Kuna yule mfupi mwenye upara, namba nne. Hakimbii sana, wala hapigi kelele. Lakini mpira ukitufikia popote, umepitia kwake. Aliinama mara moja kufunga kamba ya kiatu, na kwa muda ule mfupi timu yote ikalegea, mmoja anapiga kule, mwingine huku. Aliposimama, ikakaza tena.

Nilimwambia Mzee Ned. Baadaye sana akasema, bila kunigeukia, "Stan Ibbotson. Mwaka wa sita huu nawaambia watu."

Kisha akasogea kidogo ili nipate pa kuweka mkono.

Tumeshinda tatu bila. Miguu yangu inauma, na sauti imekauka kidogo, ingawa sikumbuki kama nilipiga kelele.

Enid


Scarth Bay
10 Oktoba 1955

Mwanangu Enid,

Barua ya namba nne imezunguka wodi nzima na kurudi na alama za chai. Miaka yote hii mimi namtazama Tordoff.

Jumapili ile ulipokuja kunitazama, ulipoondoka tu Amos akasema una uso wa mama mwenye nyumba anayekagua samaki. Kwake hiyo ni sifa. Ameomba nafasi hapa chini aandike mwenyewe. Nimemwachia mistari minne, asizidishe.

Baba

Bibie Enid, mimi Amos. Furahini sasa hivi, maana majani ya miti nayo hung'aa kabla ya kudondoka. Albion huanguka kila ifikapo Krismasi, ni desturi yenu kama pudini ya sikukuu. Baba yako anakoroma kwa rangi zote mbili za jezi yenu. Mke wangu Agnes hajakanyaga uwanjani miaka thelathini na moja ya ndoa, na nilimsifu kwa hilo mpaka nilipokuona wewe. A. Tranter.


Mtaa wa Tanner
4 Desemba 1955

Baba mpendwa,

Tunaongoza ligi. Naandika sentensi hiyo peke yake uweze kuikata na kuibandika ukutani upande wa Mzee Amos.

Jana ilikuwa barafu, uwanja mgumu kama meza, na Ibbotson alicheza kana kwamba yeye ndiye pekee aliyeambiwa mpira utadundaje. Mabao manne. Hexmouth wako nyuma yetu pointi mbili. Kiwandani wasichana hawaniulizi tena nimeshona nini, wananiuliza Jumamosi tunacheza na nani. Hata Bwana Sugden, msimamizi, ambaye mwaka mzima hunipita kama mlango, alisimama mezani pangu juzi akauliza, "Haigh, goti la beki wa kushoto likoje?" Nikamwambia. Akashukuru.

Nikuambie kitu, Baba. Nilianza kwenda kwa ajili yako. Sasa Ijumaa jioni najikuta nimeshaipiga pasi skafu.

Katika kifurushi kuna soksi jozi mbili. Za kijivu ni zako. Zile za njano na nyeusi, rangi za Albion, ni za Mzee Amos. Mwambie nimeona miguu yake ilivyo na baridi. Azivae, au aache vidole vigande kwa kiburi.

Enid


Scarth Bay
22 Januari 1956

Mwanangu,

Habari uliyoniandikia, kwamba Ibbotson naye ameumia goti, nimeisoma mara tatu, kana kwamba mara ya tatu lingekuwa limepona. Kufungwa mechi tatu mfululizo. Na jana redio ikasoma msimamo: Hexmouth juu, sisi chini yao.

Amos alitoa tu mguu nje ya blanketi, umevaa soksi yako ya Albion, akauweka chini akaukanyaga polepole kwa ule mwingine. Kisha akasema, "Sufu nzuri, Cliff. Inapendeza kukanyagwa."

Anakohoa zaidi siku hizi. Wamembadilishia sindano. Usimwambie nimekuambia, akijua tunamwonea huruma atakosa wa kugombana naye.

Mimi naendelea vizuri. Nimeongezeka ratili nne.

Baba


Scarth Bay
26 Februari 1956

Mwanangu Enid,

Usije Jumapili ijayo. Mafua makali yameingia wodini na wamefunga milango kwa wageni, labda mwezi mzima. Tunaoumwa kifua wanatuogopea. Nimesikitika, lakini theluji nayo ingekuchosha bure.

Nimesikia tumetoka sare mara mbili. Sare si kufungwa. Amos anakusalimu. Anasema Hexmouth hawashikiki tena.

Baba


Mtaa wa Tanner
4 Machi 1956

Baba mpendwa,

Nilikuwa nimeshaoka keki. Tumeila mimi na shangazi Bertha, na kipande kimoja kikaenda uwanjani kwa Mzee Ned, ambaye alikila bila kusema neno kisha akakunja karatasi yake vizuri akairudisha. Ndivyo anavyoshukuru.

Mwambie Mzee Amos ajiandae. Ibbotson anarudi Jumamosi. Amekuwa akikimbia peke yake uwanjani kila asubuhi, mke wa mlinzi amemwona. Hexmouth wana pointi nne mbele, mechi zimebaki kumi na moja, na ya mwisho kabisa ni sisi na wao hapa Ravensby. Nataka jibu la Mzee Amos, neno kwa neno. Nimekosa matusi yake.

Enid


Scarth Bay
11 Machi 1956

Mwanangu,

Ibbotson amerudi na tumeshinda. Nimefurahi sana.

Amos anasema Albion mwaka huu ni timu nzuri kweli, na mkichukua ubingwa mtakuwa mmestahili. Anasema Ibbotson hana mfano kaskazini nzima. Anakutakia heri.

Hali yangu njema.

Baba


Mtaa wa Bandari, Hexmouth
20 Machi 1956

Mpendwa Enid,

Hunijui ila kwa jina. Mimi ni mke wa Amos. Nimekawia kuandika, kwa sababu kila nikishika kalamu mwezi huu naona afadhali niende kufua.

Hospitali walinirudishia vitu vyake ndani ya mfuko wa karatasi, na humo nikazikuta soksi za njano na nyeusi. Nilidhani wamekosea mtu. Amos wangu na rangi zile! Lakini Sista akanieleza zilikotoka, na kwamba alizivaa mpaka siku ya mwisho, tarehe kumi na tisa Februari. Sista anasema jioni ile alikuwa akibishana na baba yako juu ya penalti ya mwaka 1938, akasema, "Ngoja nipumzike nikujibu," akalala. Hakuteseka.

Nashukuru kwa soksi. Na umshukuru baba yako kwa niaba yangu. Amos aliniandikia kwamba kati ya watu wote wa Ravensby yule ndiye wa kwanza mwenye akili, na kwamba nisimwonyeshe mtu barua hiyo.

Nimeishi na mpira nyumbani miaka yote hiyo kama mtu anavyoishi na mbwa wa mumewe. Sasa Jumamosi saa kumi na moja najikuta nafungua redio.

Wako,
Agnes Tranter


Mtaa wa Tanner
25 Machi 1956

Baba,

Bi Agnes Tranter ameniandikia.

Nilikuwa nimeshaona kuna uzi uliokatika. Mzee Amos kuisifu Albion! Barua yako ya mwisho niliiweka mezani nikaizunguka siku mbili kama kitambaa kibovu, nikajiambia labda mafua yamemlainisha. Ukitaka kudanganya, Baba, usimtie Amos heri mdomoni.

Sikukasirika. Nililia kidogo jikoni, kwa ajili yake na kwa ajili yako, umekaa peke yako mwezi mzima ukimtungia maneno. Lakini niambie sasa, na uniambie kweli. Mafua yale yalikuwapo au hayakuwapo? Daktari anasema nini juu yako? Sitaki ratili. Nataka neno lake.

Nimemjibu Bi Agnes. Nimemwalika mahali, nitakueleza akikubali.

Enid


Scarth Bay
29 Machi 1956

Mwanangu,

Mafua yalikuwapo, wiki moja. Nyingine tatu nilizitunga mimi.

Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili yako. Kitanda kile kiko hatua tatu kutoka kwangu, ugonjwa ni uleule, sindano zilezile. Nikasema ukikiona kitupu utaacha kazi uje ukae hapa ukinihesabia pumzi. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilipoandika "Amos anasema," kwa dakika ile alikuwa anasema. Ila nilishindwa kumfanya atukane. Kila nikitaka kumwandikia dhihaka, kalamu inageuka inaandika wema. Wafu tunawapaka sukari. Angenichukia kwa hilo.

Ile penalti waliyopewa Hexmouth dhidi yetu mwaka 1938 ilikuwa halali. Sikumkubalia. Ningemkubalia, ingenigharimu nini?

Sasa neno la daktari. Amenipima miezi mitatu mfululizo, na makohozi hayana kitu. Picha ya pafu inaonyesha kovu, na kovu, anasema, ni mlango uliofungwa. Akaniambia kazi yangu ya kiwandani kwenye vumbi la sufu basi, nitafute nyingine. Kutoka hapa ni mwisho wa Mei. Sikukuambia kwa sababu niliona haya kupona. Amos alikuwa mdogo kwangu miaka miwili.

Njoo Jumapili. Milango iko wazi. Kitanda chake kina mgeni, mwalimu wa shule, mtu mpole, hajui mpira hata kidogo. Jana aliniuliza kona ni nini. Nikaanza kumweleza, na nikaona natumia maneno ya Amos.

Baba yako


Mtaa wa Tanner
29 Aprili 1956

Baba mpendwa,

Umeshasikia. Ukitaka matokeo redio imekupa. Mimi nakupa mengine.

Bi Agnes alikuja kwa treni ya mashabiki wa Hexmouth. Nilimpokea stesheni. Ni mrefu, hasemi sana, alivaa koti la Mzee Amos likiwa limefungwa mkanda kiunoni, na harufu ya bandari bado ikiwamo. Nilimwuliza kama atapenda kusimama na watu wake. Akasema, "Mimi sina watu pale, nina wewe." Basi nikaenda naye upande wa kiwanda cha gesi, skafu ya Hexmouth shingoni mwake, katikati ya watu wetu elfu thelathini.

Mzee Ned aliitazama skafu ile kama mtu aliyekuta panya kwenye supu.

"Huyu nani?"

"Mke wa Amos, aliyekuwa kitanda cha pili kwa Baba."

Alifikiri. Kisha akavua kofia, Baba. Miaka thelathini na mitano, na kichwa cha Ned Lumb kina nywele nyekundu hata leo. "Mama," akasema, "timu yenu ni ya wezi. Simama hapa, upepo haufiki."

"Mume wangu alisema hivyohivyo juu ya yenu," akajibu Bi Agnes, na wakasimama bega kwa bega tangu hapo.

Unajua ilivyokuwa: tulikuwa mbele yao kwa pointi moja, sare inatutosha. Kipindi cha kwanza tulikuwa wabaya. Miguu mizito, kila mtu anataka kuutoa mpira miguuni kwake haraka. Dakika ya arobaini Ibbotson akaukanyaga mpira akasimama. Alisimama tu, katikati ya vurugu ile. Watu wakamzomea. Mimi nikajua anawangoja wenzake wapumue. Kisha akautoa kwa winga, krosi, Tordoff, bao. Gazeti leo linasema alipaa. Hakupaa, alijikwaa, mpira ukampiga sikioni.

Kipindi cha pili Hexmouth walisawazisha, na lilikuwa bao safi. Upande wetu ulinyamaza wote. Katika kimya kile sauti moja tu ilisikika, ya Bi Agnes. Hakushangilia. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwita mtu aje kula, "Amos, umeona?" Ned Lumb akamshika kiwiko. Mtu mmoja nyuma yetu akaanza kutoa maneno, Ned akageuka, yule mtu akayameza.

Dakika ishirini zilizobaki siwezi kukueleza kwa sababu nyingi nilizitazama kupitia vidole. Walipiga mwamba mara moja. Nilimsikia mtu akiimba karibu yangu, kumbe ni mimi.

Filimbi ilipolia watu waliingia uwanjani kama maji. Mimi sikwenda. Tulibaki watatu kwenye chuma chako. Bi Agnes alinipa mkono, akasema, "Hongera. Sasa ninaelewa alikuwa akienda wapi." Nikalia, yeye hakulia. Kisha akauliza ligi inaanza lini tena. Ned akamwambia Agosti. Akasema sawa, atamwomba jirani yake amwonyeshe mahali alipokuwa akisimama Amos kule kwao.

Usiku uliopita mji haukulala, lakini mimi nililala.

Mabingwa, Baba. Sisi.

Enid


Scarth Bay
1 Mei 1956

Mwanangu Enid,

Sista Beswick aliileta barua yako mwenyewe, akasimama pale mpaka nilipomaliza, kisha akaomba aisome.

Huku tulikuwa kumi na wanane, vitanda vimesukumwa vikakaribiana, redio iko kwenye meza ya dawa. Safari hii walitangaza kipindi cha pili chote. Mwalimu wangu alikuwa ameandika majina ya wachezaji kwenye daftari na kila mpira ukitajwa anaweka alama. Hexmouth waliposawazisha, wodi nzima ikanigeukia kunionea huruma, wakanikuta nacheka. Sikuweza kujizuia. Nilisema, "Haya, Amos, bao zuri." Nikalisema kwa sauti. Na ile ya mwaka 1938 nayo nikaikubali, mbele ya mashahidi kumi na saba. Mwalimu akauliza aiandike wapi.

Nafurahi Agnes alikuwa na wewe. Nafurahi na kofia ya Ned. Nilidhani ana upara. Daktari ametoa tarehe, ishirini na sita mwezi huu, Jumamosi. Bwana Sugden ameniandikia kwamba stoo ya vitambaa inahitaji karani, mahali pasipo na vumbi, na barua yake yote iliyobaki inakuhusu wewe na goti la beki wa kushoto.

Kuhusu Jumamosi iliyopita, nakuambia kama ilivyokuwa. Miaka thelathini na mitano nilikuwa nikijiuliza siku hiyo ikifika nitafanya nini. Nilidhani nitaruka. Nilidhani nitalia kama mtoto mbele za watu. Filimbi ilipolia wenzangu walipiga mabakuli kwa vijiko, Sista akatuletea chai na biskuti za siku ya sikukuu, nikaegemea mto nishushe pumzi kidogo tu, na upepo ulikuwa mzuri, wa kwanza wa joto mwaka huu.

Nikalala usingizi, mwanangu. Nilipoamka chai ilikuwa imepoa, na bado sisi ni mabingwa.

Baba yako,
Clifford Haigh